Masikio ya Naibu wa Chifu

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa kofia ya serikali, Kipkurui arap Mosonik alikuwa na shughuli moja mbele ya kioo. Alishika nyama ya sikio la kulia, iliyoning'inia karibu na bega kama kitanzi cha kufungia ndama, akaizungusha mara moja na kuipachika juu ya sikio lenyewe. Kisha akafanya vivyo hivyo kwa la kushoto. Akishamaliza alionekana mtu mwenye masikio mafupi, manene kidogo, kama aliyepigwa ngumi zamani na akasamehe. Ndipo aliitisha chai.

Alikuwa naibu wa chifu katika kata ndogo moja nje ya Litein, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, na ndiye mtumishi wa mwisho wa serikali upande ule kuwa na masikio ya namna hiyo. Wenzake wa rika lake walikimbilia shule mapema wakaponea. Yeye alilelewa na nyanya yake, aliyeshikilia kwamba mvulana asiyetobolewa husikia nusu tu ya anayoambiwa. Akatobolewa, tundu likatiwa kijiti, kisha kijiti kinene zaidi, mpaka kitanzi kikaweza kupitisha mkebe wa ugoro.

Vitanzi hivyo vilikuwa na kasoro moja. Kipkurui akikasirika kichwa chake hutetemeka, na kitanzi cha kushoto huchomoka na kuanguka. Watu wa kata yake waliisoma dalili hiyo kuliko wanavyosoma mawingu. Sikio likiwa juu, wenye kesi waliendelea kubishana barazani. Sikio likianguka, walinyamaza na kukumbuka kwamba wameacha ng'ombe bila maji.

Kazini hakuna aliyeweza kumsema. Hakupokea kuku wa mtu, na pombe ya chang'aa aliyoikamata aliimwaga yote, hata chini ya kucha hakubakiza. Fahari yake ilikuwa saini yake, ambayo haikununuliwa na yeyote. Na kama watu wengi wasionunuliwa, aliamini kwamba hilo peke yake linatosha kumfanya mtu awe mwema.

Mwaka uliotangulia, saini hiyo ilimkatalia Kogo Tapkigen. Kogo ni nyanya kwa Kipsigis, na huyu alikuwa nyanya wa kila mtu, kwa kuwa alikuwa amezidi miaka themanini na hakuna aliyethubutu kumwita vingine. Alipoteza kitambulisho chake kwenye mafuriko, akaenda kutafuta kingine. Mashine ikakataa vidole vyake, kwa sababu vidole vilivyochuma chai miaka hamsini havina alama tena, vimelainika kama sabuni iliyoisha. Njia iliyobaki ilikuwa naibu wa chifu amtazame yeye na nakala ya picha ya zamani, kisha atie saini kwamba ni mtu mmoja. Lakini katika picha ile Kogo alikuwa na vitanzi vya masikio mpaka mabegani, na miaka michache nyuma wajukuu wake walikuwa wamempeleka akashonwa.

Kipkurui alitazama picha, akatazama masikio, akarudisha fomu. "Kogo, mimi naona watu wawili hapa," alimwambia. "Siwezi kusaini watu wawili."

Kogo alirudi mara tatu, na mara tatu akaambiwa hivyo. Bila kitambulisho hakuweza kusajiliwa bima ya afya wala laini ya simu, na wajukuu walipompeleka hospitali alihesabiwa kama mtu aliyetoka mawinguni. Kipkurui alisikitika, lakini alilala vizuri. Sheria ni sheria.

Basi ikaja siku ya baraza la pombe haramu. Kipkurui alishika kipaza sauti akawaka moto, akawaambia vijana kwamba busaa inaanza kwa kicheko na kuishia kwenye mtaro. Alipofika kwenye mtaro, sikio la kushoto likachomoka. Halikuanguka tu. Lilipiga kipaza sauti, na vipaza vyote vilivyofungwa juu ya mti vikatoa mlio kama wa kengele ya shule.

Kijana mmoja alikuwa akirekodi kwa simu. Kufikia jioni video ilikuwa imefika Kericho na kurudi ikiwa imetiwa muziki, sikio likipiga, kondoo wa mtu akilia, sikio likipiga tena. Wiki hiyo watoto walikata mipira ya ndani ya baiskeli, wakajining'iniza pete nyeusi masikioni, na kila alipopita na pikipiki yake ya kazi walitetemesha vichwa kwa heshima kubwa.

Mkewe Rebeccah hakuona sababu ya kelele. "Hayo masikio nimeyaangalia miaka thelathini na mbili," alimwambia. "Hao wameyaangalia dakika moja. Kati yangu na wao, nani anapaswa kulalamika?"

Lakini binti yao Nelvine, aliyekuwa na saluni yake sokoni Litein, aliona fursa. Nelvine alitazama tamthilia za Korea kuanzia asubuhi hadi umeme upotee, akiwa na kichwa cha mteja mikononi, na aliijua Korea kuliko anavyoijua Sotik. Alimweleza baba yake kwamba huko kubadilisha uso si ajabu. Mtu huenda likizo na macho madogo akarudi na makubwa, pua imesimama, kidevu kimechongwa, na ofisini wanamwambia tu kwamba amepumzika vizuri.

Kipkurui aliweka kikombe chini. "Hata watu wa serikali?"

"Hao ndio wa kwanza, baba. Huyo wa juzi alikuwa wa ofisi ya ardhi."

"Na kwenye fomu ya likizo wanaandika nini?"

Tamthilia haikuonyesha fomu.

Hapo mtu mwenye akili angesimama. Jambo unaloogopa kuliandika kwenye fomu, ama si jema, ama wewe ndiye mwoga, na mtu hana budi kuamua ni lipi kabla ya kukunja mkono wa shati. Kipkurui hakuamua. Alichokibeba kutoka kwenye mazungumzo yale ni kwamba kuna serikali duniani, yenye barabara nzuri kuliko zetu, ambayo watumishi wake hujirekebisha na mbingu hazianguki.

Siku nzima alilipima jambo hilo kama afisa. Je, kuna kanuni inayokataza mtumishi wa umma kupunguza masikio? Hakuiona. Je, mtumishi akipunguza sehemu ya mwili, serikali imepoteza mali? Alifikiri sana akaona hapana, masikio aliajiriwa nayo lakini hayakuandikwa kwenye orodha ya vifaa. Je, kofia itakaa vizuri? Alikuwa na hakika itakaa vizuri zaidi. Je, watu watasema? Watu walikuwa wamekwisha kusema, tena kwa muziki. Alipitia yote hayo na kusahau moja tu, lile alilomfanyia Kogo Tapkigen. Sikio halipiti kichwa, wahenga walisema, lakini mwaka huo la Kipkurui lilikipita.

Likizo yake ya mwaka ilikuwa imeisha kwenye palizi ya chai, kwa hiyo iliyobaki ni likizo ya ugonjwa. Akaenda Litein, katika afisi ya naibu wa kamishna, kuchukua fomu kwa karani Obiero.

Obiero alikuwa mtu wa upande wa ziwa kwa ukoo. Baba yake alikuja kufanya kazi katika kiwanda cha chai, naye akazaliwa humo humo kwenye nyumba za kampuni, akakua akiongea Kipsigis kuliko baadhi ya Wakipsigis. Lakini likizo moja ya shule alipelekwa kwa nyanya yake Nyanza, na nyanya akamng'oa meno sita ya chini kama ilivyokuwa desturi. Alirudi darasa la sita akipuliza herufi fulani kama filimbi. Yeye na Kipkurui walitaniana miaka ishirini, mmoja akiulizwa meno yake yameenda wapi, mwingine akiulizwa masikio yake yanaenda wapi.

Kipkurui alimuuliza kwa mbali, kama anayeulizia rafiki, mtu akitaka kurekebishwa sehemu ya mwili ambayo haiumi anaandika nini. Obiero alitazama kofia, akatazama kilichokuwa chini ya kofia.

"Andika masikio," alisema.

"Nikiandika masikio, kufikia jioni Bureti nzima itajua."

"Chifu, Bureti nzima itaona."

Kipkurui alijifanya hakusikia. Obiero akaongeza, bila kuulizwa, kwamba yeye serikali ilimwajiri na pengo lake na itamstaafisha nalo, na katika miaka yote hiyo haijawahi kumdai jino hata moja. Kisha akamwachia kalamu.

Kipkurui akaandika: Upasuaji wa henia. Alikuwa ameichagua njiani. Henia ni ugonjwa wa mwanamume mzima, unaotokana na kubeba mizigo ya familia, tena uko mahali ambapo hakuna atakayeomba kuuona. Mtu ambaye kwa miaka thelathini hakutia saini uongo wa mtu mwingine, siku hiyo alitia saini wa kwake, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kama kawaida. Obiero akapiga muhuri, akakohoa.

Upasuaji wenyewe haukuwa na makuu. Katika kliniki moja mjini Kericho, daktari kijana mwenye mikono laini alimdunga sindano ya ganzi, akakata, akashona, huku akimuuliza bei ya majani ya chai mwezi ule. Alipomaliza alimwonyesha sahani ya chuma. Ndani yake kulikuwa na vipande viwili virefu, kama mikia ya wanakondoo. Kipkurui alivitazama. Nyanya aliyemlea alikuwa amevifanyia kazi miaka mitatu, kijiti baada ya kijiti, akivipaka siagi ya ng'ombe kila jioni. Daktari aliuliza kama angependa kwenda navyo. Akasema hapana, haraka mno, na akapewa barua ya kliniki iliyoeleza kila kitu: jina, tarehe, na masikio yote mawili. Akaikunja mara nne akaitia katika mfuko wa ndani wa koti la kazi.

Alikuwa amesahau desturi. Katika afisi ile mtumishi akilazwa au kupasuliwa, wenzake humtembelea nyumbani wakiwa na unga, sukari na maombi. Siku ya nne, gari la serikali liliingia uani likiwa na watu saba, Obiero akiwa mbele amebeba pakiti ya unga wa uji kama aliyebeba Agano Jipya.

Kipkurui alikuwa kitini, kichwa kimefungwa bandeji kutoka sikio hadi sikio kama yai la Pasaka. Hapakuwa na muda wa kuificha. Akavuta blanketi juu ya tumbo.

Rebeccah alikuwa amemwonya mapema kwamba hatasema uongo mbele ya wageni, na hakusema. Alipoulizwa mgonjwa anaendeleaje alijibu kwamba anakula. Alipoulizwa kidonda kiko wapi alikwenda kuangalia maziwa jikoni. Kipkurui akabaki peke yake na wageni saba. Akaeleza kwamba baada ya kupasuliwa tumbo baridi ilimwingia masikioni. Wageni wakasema baridi ya Kericho ni mbaya. Obiero akakubali, akisema ameshawahi kusikia henia iliyopanda, ingawa mara nyingi huishia kifuani. Kisha mama mmoja wa idara ya kilimo, mwombaji hodari, akapiga magoti na kuweka mkono juu ya tumbo zima, akaomba dakika kumi kidonda kifunge. Kipkurui alijikunja kwa maumivu ambayo hakuwa nayo. Wakati wote huo masikio yalimchoma, wala hakuna aliyeyaombea.

Wakala kuku wakaondoka. Rebeccah alikusanya vikombe akasema jambo moja tu: "Hata Mungu umemtuma mahali pasipofaa."

Bandeji zilipotoka, alikuwa mtu mpya. Masikio yalikaa kando ya kichwa kama ya mwalimu mkuu. Kofia ilishuka mpaka mahali pake. Nelvine alimpiga picha kumi na moja na kumwambia amebaki kidogo tu afike Seoul. Alirudi kazini akitembea pole pole, mkono tumboni, kwa ajili ya henia.

Wiki ya pili tangu arudi kazini ikaja amri. Watumishi wote wa serikali wangehakikiwa ana kwa ana kule Litein, kila mmoja na kitambulisho chake cha asili, ili kuwaondoa wafanyakazi hewa, wale wanaolipwa na hawapo. Atakayeshindwa kuthibitishwa siku hiyo jina lake lingefutwa, na kurudishwa kungekuwa safari ya Nairobi ya miaka. Kipkurui alikuwa na miezi ishirini kabla ya kustaafu. Akifutwa sasa, miaka yote thelathini ya kumwaga chang'aa ya watu ingemwagika pamoja nayo.

Afisa aliyetumwa aliitwa Nyatichi, mwanamke mfupi wa Kisii mwenye miwani na sauti ya chini, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajanywa hata chai. Kipkurui alisimama mbele yake, akavua kofia, akaweka kidole kwenye mashine. Mashine ikakataa. Akaweka cha pili, cha tatu, kumi vyote. Mashine ikakataa kumi. Kabla hajawa mtumishi alikuwa mchumaji, na hadi leo asubuhi zake za Jumamosi alizimalizia shambani kwake. Utomvu wa chai na ncha za majani vilikuwa vimemfuta vidole kama walivyofutwa nusu ya watu wa nchi hiyo.

"Si neno," Nyatichi alisema, "tutatumia picha." Akashika kitambulisho, akamtazama, akakitazama tena. Katika picha Kipkurui alikuwa na miaka thelathini, na mpiga picha alikuwa amemlazimisha ateremshe vitanzi vyote viwili. "Mzee, huyu ana masikio."

"Ni mimi, madam."

"Mimi naona watu wawili hapa," alisema Nyatichi.

Kipkurui alihisi kichwa kikianza kutetemeka. Hakuna kilichoanguka.

Mfukoni mwake, upande wa moyo, ilikuwa barua ya daktari. Angeinyoosha tu na mambo yangekwisha. Lakini barua ilisema masikio, na faili lililokuwa mezani, chini ya kiwiko cha Nyatichi, lilisema henia. Aliiacha pale pale ilipo. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia rafiki, kama kuna njia nyingine.

Ilikuwepo, akaambiwa. Watumishi wenzake hawakuruhusiwa kumshuhudia, maana wafanyakazi hewa hushuhudiwa na wenzao. Alete barua ya naibu wa chifu wa kata anayoishi.

Nyuma ya Kipkurui mtu mmoja alicheka, na filimbi ya kicheko hicho ilitoka mahali penye pengo la meno sita.

"Madam," Obiero alisema kwa adabu, "huyo naibu wa chifu ndiye huyu."

Nyatichi alivua miwani, akaisafisha. Mtu hawezi kujisainia mwenyewe, alisema, na Kipkurui alijua hilo, kwa kuwa aliwaambia watu maneno hayo hayo. Basi aje mtu mzima aliyemjua kabla ya kuchukua kitambulisho, asiye jamaa wala mtumishi, kabla ya saa kumi.

Ilikuwa saa tisa kasorobo. Obiero alinyoosha kidevu kuelekea veranda. "Mmoja yuko pale kwenye benchi tangu asubuhi," alisema. "Lakini hapo sikusaidii. Utamwomba mwenyewe."

Kwenye benchi, miguu haifiki chini, fimbo katikati ya magoti, aliketi Kogo Tapkigen. Alikuwa amekuja kumlalamikia Kipkurui kwa wakubwa wake.

Alimkaribia, akainama, akamsalimia. Kogo alimtazama kuanzia kichwani hadi viatuni. Kisha akauliza huyu ni mgeni wa nani.

"Ni mimi, Kogo. Kipkurui."

"Kipkurui ninayemjua ana masikio," alisema Kogo. "Wewe ni mtu wa pili."

Veranda nzima ilisogea karibu ili isikose neno. Kipkurui alipiga goti moja kwenye saruji, na suruali ya serikali ikapata vumbi. Alimweleza kwa Kipsigis, kwa sauti ya chini, na alichosema hakikutafsiriwa, ila waliokuwa karibu walisikia neno samahani likirudiwa, na mara ya tatu lilikuwa refu kuliko mara ya kwanza. Hakumwahidi kitu. Angemwahidi fomu yake, ingekuwa hongo, na hata siku hiyo alilijua hilo. Kogo aliinuka, akaingia ndani kwa fimbo yake.

Mbele ya Nyatichi hakutazama uso wa Kipkurui kabisa. Alimwamuru akae chini, akashika sehemu ya juu ya sikio la kushoto, ile ambayo daktari hakuigusa, akaivuta kuelekea dirishani. Hapo palikuwa na tundu dogo la kale, limekaa upande, na mkwaruzo mrefu chini yake.

"Mimi ndiye niliyemtoboa," alisema. "Na watoto wote wa kilima kile. Nilitumia mwiba. Huyu alinipiga teke akakimbia na mwiba sikioni mpaka kwenye mahindi, ndiyo maana pamepasuka. Tazama picha yako, mama. Hapo juu, upande huo."

Nyatichi alichukua kitambulisho, akakisogeza karibu na miwani hadi pua ikakigusa. Tundu lilikuwepo, na mkwaruzo ulikuwepo.

"Ni yeye," alisema Kogo. "Mama yake alikuwa Tapnyobi, na alikuwa mkaidi vilevile. Lakini hayo ya chini yamekatwa juzi juzi. Bado ni mekundu. Hiyo si kazi yangu."

Nyatichi aliweka tiki pole pole. Kisha, kwa tabia ya watu wa faili, akalifungua lile la Kipkurui. "Juzi juzi ulikuwa likizo ya henia, mzee."

Obiero alitazama dari. Bado Kipkurui angeweza kusema masikio yalikatwa Jumapili, au kwamba wakati wa henia daktari aliona afadhali amalize kazi zote mara moja. Mambo hayo mawili yalimjia, na la pili lilikuwa zuri. Lakini kikongwe aliyemkatalia saini mara tatu alikuwa amesimama kando yake, amesema kweli tupu pasipo kuomba malipo, na mkono wake ulikuwa ungali umemshika sikio. Akatoa barua, akaikunjua mara nne, akaiweka mezani.

"Hapakuwa na henia," alisema. "Ni masikio. Niliogopa kuchekwa."

Nyatichi alisoma barua mpaka mwisho. Alisema mambo mawili. La kwanza, mtumishi amethibitishwa, yupo, si hewa. La pili, atapokea barua ya kujieleza, na zile siku kumi na nne za likizo ya ugonjwa zitakatwa kwenye likizo yake ya mwaka ujao, palizi au hakuna palizi. Kisha, alipokuwa akimrudishia kitambulisho, akaongeza kwamba masikio yamemkaa vizuri.

Kule nje Kogo alikuwa ameshakaa tena kwenye benchi. "Yako yameisha," alisema. "Sasa yangu."

Kipkurui aliketi kando yake na fomu juu ya goti. Mahali pa maelezo ya afisa aliandika kwamba anamjua mwombaji tangu utotoni, kwamba masikio yake yameshonwa, na kwamba mtu ni yule yule. Kogo hakujua kusoma, kwa hiyo alitaka asomewe. Aliposikia yote akasema yamepungua. Aandike pia kwamba alimrudisha nyumbani mara tatu. Kipkurui alitazama fomu, akatazama nafasi iliyobaki, akaandika. Akatia saini.

Jumatatu alipofika kwenye afisi yake ndogo, alikuta wazee tisa wakimngoja ukutani, wanaume kwa wanawake, kila mmoja amevua kofia au kitambaa ili masikio yaliyoshonwa yaonekane. Habari zilikuwa zimetembea. Wengine aliwahi kuwarudisha, wengine walimwogopa hata kabla ya kurudishwa. Kogo Tapkigen alikuwa ameletwa kwa pikipiki na kuwekewa kiti kando ya meza, kwa kuwa hakukuwa na shahidi mwingine aliyetosha. Alishika sikio la kila mmoja sehemu ya juu, akalivuta kwenye mwanga, akataja jina la mama yake, na Kipkurui akasaini.

Kuelekea adhuhuri vijana waliokuwa nje wakaanza kutetemesha vichwa na kupiga kelele. Kipkurui alitoka akasimama mlangoni, amekasirika kweli kweli, na hakuna aliyejua. Waliendelea. Ikambidi aseme kwa mdomo wake kwamba amekasirika, jambo ambalo hakuwahi kulazimika kulifanya maishani, na hata hivyo walisita kwanza wakimtazama begani kuhakikisha.

Alirudi ndani. Zamu ilikuwa ya mzee wa tisa, mtu mcheshi aliyejitambulisha kuwa mzaliwa wa kilima kile kile. Kogo alimshika sikio, akaligeuza huku, akaligeuza kule, akaliachilia.

"Huyu simjui," alisema.

Kipkurui akaifunika kalamu.